Wino Mwekundu na Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, ifikapo Oktoba au Novemba, vijana waliofaulu mtihani wa kidato cha sita huteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwenda kuanza masomo Dodoma, Dar es Salaam, Morogoro na kwingineko. Mchukulie mmoja wao, mzaliwa wa Bashay. Katika wiki ya sita ya muhula wake wa kwanza anakabidhi insha ya kurasa nane aliyoihangaikia usiku na mchana. Katika wiki ya kumi na tatu insha inarudi. Juu pameandikwa 11 kati ya 20, na pembeni mwa ukurasa wa tatu pana maneno machache ya Kiingereza, kwa wino mwekundu, yanayomtaka aeleze zaidi na ahakiki zaidi. Kijana anaitazama alama, anawauliza wenzake wamepata ngapi, kisha anaikunja karatasi na kuitia ndani ya daftari. Mtihani umekaribia. Yale maneno ya pembeni hayasomwi tena.

Mhadhiri wake, akiambiwa habari hiyo, yumkini atasema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajali. Kijana naye, akiulizwa, atasema kwamba hakuambiwa lolote. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hasara ni ya wote wawili: mmoja ametumia saa nyingi kusahihisha, na mwingine atarudia kosa lile lile katika mtihani. Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula, yaani insha, majaribio, semina na ripoti za maabara, huchukua kwa kawaida alama 40 kati ya 100 za somo, na mtihani wa mwisho huchukua 60 zilizobaki. Basi kosa lililoonekana katika zile 40, lisiporekebishwa, hukutwa tena katika zile 60.

Wanasaikolojia wa elimu wamelichunguza jambo hili kwa karibu karne moja. Waliyoyagundua yana maana kwa mwalimu wa sekondari kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu mazoea ambayo mwanafunzi huyachukua kwenda chuo kikuu huwa ameyapata kidato cha kwanza.

KUTENDA BILA KUJUA MATOKEO

Zamani iliaminiwa kwamba mazoezi peke yake humfanya mtu kuwa stadi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliijaribu imani hiyo kwa njia rahisi sana. Aliwataka watu wachore, macho yakiwa yamefumbwa, mstari wenye urefu fulani, na warudie kitendo hicho mara nyingi mno bila kuambiwa kama wamepatia au wamekosa. Matokeo aliyoyaeleza mwanzoni mwa miaka ya 1930 yalikuwa wazi: hawakuendelea. Mstari wa siku ya mwisho haukuwa bora kuliko ule wa siku ya kwanza. Walipoanza kuambiwa kama wamepatia au wamekosa, mistari yao ikaanza kukaribia urefu uliotakiwa.

Habari hizo zinazomrudia mtendaji kuhusu alichokitenda ndizo zinazoitwa mrejesho. Wazo lenyewe limetoka katika uhandisi kabla ya kuingia darasani, na njia nyepesi ya kulielewa ni kulitazama jokofu la chanjo katika zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ndani ya jokofu mna kipimajoto kinachoonyesha hali ilivyo, na mna pia kifaa kiitwacho themostati. Joto likizidi kiwango, themostati huiwasha mashine. Likishuka mno, huizima. Sasa fikiri kwamba themostati imeharibika. Kipimajoto bado kinafanya kazi yake kwa uaminifu: kinaonyesha 9, kisha 12, kisha 17. Hakuna uongo wowote katika tarakimu hizo, na chanjo inaharibika.

Alama 11 kati ya 20 ni kipimajoto. Ili iwe mrejesho, lazima iunganishwe na kitu kitakachobadilika. Arkalgud Ramaprasad aliliweka jambo hili katika fasili yake ya mwaka 1983, aliposema kwamba mrejesho ni habari kuhusu tofauti iliyopo kati ya hali ilivyo na hali inayotakiwa, habari ambayo inatumika kuibadili tofauti hiyo. Sehemu ya pili ya fasili ndiyo nzito. Mwaka 1989 D. Royce Sadler, mwalimu wa chuo kikuu nchini Australia, aliipeleka fasili hiyo darasani, akaeleza kwamba mwanafunzi anahitaji mambo matatu kwa pamoja: ajue kazi nzuri inafananaje, aweze kuilinganisha kazi yake na hiyo, kisha achukue hatua inayopunguza tofauti. Likikosekana la tatu, yale mawili ya kwanza hayana kazi.

Baba yake yule kijana wa Bashay hangehitaji kuelezwa hayo kwa maneno mengi. Wakulima wa Kiiraqw katika vilima vya Mbulu wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, wakitumia samadi, matuta na mifereji ya kuyaongoza maji. Lowe Börjeson, mtafiti kutoka Sweden aliyeandika historia ya kilimo hicho mwaka 2004, alionyesha kwamba ustadi huo ulijengwa polepole, ndani ya kazi za kila siku. Mkulima anayeona mvua imekata tuta haandiki alama ya shamba na kungoja mavuno. Anachukua jembe asubuhi ile ile, kwa kuwa mvua nyingine inakuja.

ALAMA HUZUNGUMZA KWA SAUTI KUBWA

Kwa nini basi mwanafunzi asome alama na kuyaacha maelezo? Mwaka 1958 Ellis Page alichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha walimu 74 na wanafunzi 2,139 wa shule za sekondari nchini Marekani. Baadhi ya wanafunzi walirudishiwa karatasi zenye alama tupu, wengine alama pamoja na sentensi ya kutia moyo iliyotungwa mapema kwa kila daraja, na wengine alama pamoja na maneno ambayo mwalimu alijiandikia mwenyewe. Katika jaribio lililofuata, waliopata maneno ya mwalimu mwenyewe ndio walioendelea zaidi. Walimu wengi waliifurahia habari hiyo, lakini majaribio ya baadaye hayakukubaliana nayo kila mara. Ilionekana kwamba kuandika maelezo si dawa ya uhakika.

Sababu mojawapo ilionekana miaka thelathini baadaye, nchini Israeli. Mwaka 1988 Ruth Butler aliwagawa wanafunzi katika makundi matatu: la kwanza lilipewa maelezo bila alama, la pili alama bila maelezo, na la tatu vyote viwili. Waliopata maelezo peke yake walifanya vizuri zaidi katika kazi iliyofuata, na hamu yao ya kazi haikupungua. Waliopata alama tupu hawakuendelea hivyo. Na waliopata vyote viwili? Mtu angetazamia kwamba wao wangefaidi mara mbili. Walifanana na wale wa alama tupu. Alama iliyafunika maelezo.

Kisha mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za miaka mingi na kuzipima kwa pamoja, jumla ya ulinganisho 607 uliotokana na vipimo zaidi ya 23,000. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya ulinganisho huo, waliopewa mrejesho walifanya vibaya kuliko ambao hawakupewa kitu. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba umakini wa mtu una kikomo. Habari inayomwelekeza kwenye kazi humsaidia. Habari inayomwelekeza kwenye nafsi yake, kwamba yeye ni hodari au ni dhaifu, humwondoa kwenye kazi. Aliyesifiwa hutulia, na aliyeumizwa hujitetea au hukata tamaa. Wote wawili wameacha kuitazama insha.

Jambo hilo huwapata kwa nguvu zaidi wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka shule za mbali. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake, ambaye kijiji kizima kilichanga nauli yake, haipokei 11 kama habari kuhusu ukurasa wa tatu. Anaipokea kama hukumu kuhusu kama alistahili kutumwa.

LUGHA YA TATU

Kuna kizuizi ambacho vitabu vilivyoandikwa Marekani na Ulaya hukigusa kwa nadra. Nyumbani kwa kijana huyu huzungumzwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi, yenye udugu wa mbali na Kisomali na Kioromo. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, ambacho ni cha Kibantu. Sekondari na chuo kikuu amefundishwa kwa Kiingereza. Amepita katika familia tatu za lugha zisizo na udugu wa karibu kabla ya kufikisha umri wa miaka ishirini, na maneno mafupi ya mhadhiri yanamjia katika ile ya tatu.

Ufupi wenyewe ni mtego. Neno moja la Kiingereza linalomtaka mwandishi afafanue zaidi husomwa kama amri ya kurefusha, na mwanafunzi mtiifu, katika insha inayofuata, huongeza kurasa mbili zisizo na hoja mpya. Agizo la kuwa mhakiki huleta balaa kubwa zaidi. Mhadhiri anataka hoja ya mwandishi ipimwe: ushahidi wake ni upi, unatosha, nani ameupinga. Mwanafunzi anasikia kwamba anatakiwa kumtafutia mwandishi makosa. Amelelewa kuwaheshimu waliomtangulia katika elimu, na anajiuliza ni nani amkosoe profesa aliyeandika kitabu. Basi anaendelea kunukuu. Mhadhiri anaandika tena neno lile lile.

Suala la lugha lina historia yake. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza katika taarifa yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na chuo kikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini hakuna kanuni inayomzuia mhadhiri kumweleza mwanafunzi, mlangoni mwa ofisi yake, kwa Kiswahili, kile alichokikusudia kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba mwanafunzi haendi mlangoni. Kwa malezi yake, kumwendea mkubwa ili kumwuliza kuhusu alichokwisha kukiandika kunafanana na kumshitaki. Anamwamkia kwa adabu kwenye ngazi, “Shikamoo, Mwalimu,” na kupita.

NIA YA MUSOMA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa Oktoba 1961 kikiwa chuo kidogo cha sheria chenye wanafunzi 14. Kwa idadi hiyo mwalimu aliweza kuketi na kila mmoja na kuipitia insha yake mstari kwa mstari. Chuo hicho kilikuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Mnamo Novemba 1974 Azimio la Musoma lilizishambulia shule na vyuo kwa kuutukuza mtihani wa mwisho, likataka kazi anayoifanya mwanafunzi katika kipindi chote cha masomo ihesabiwe. Nia ilikuwa njema na, kwa upande wa sayansi ya kujifunza, ilikuwa sahihi: kazi ya katikati ya safari ndiyo yenye nafasi ya kurekebishwa.

Kilichotokea baadaye ni kinyume cha nia hiyo. Idadi ya wanafunzi iliongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilikusudiwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi 40,000. Mhadhiri mwenye wanafunzi 400 katika ukumbi mmoja, akitumia dakika 15 kwa kila insha, anahitaji saa 100 kuzimaliza, nazo ni zaidi ya wiki mbili za kazi bila kufundisha. Karatasi huchelewa, au hazirudi kabisa, na alama husomwa kwenye simu. Tathmini iliyokusudiwa kuupunguzia nguvu mtihani mmoja mkubwa imekuwa mitihani midogo mingi. Kila mmoja una hukumu yake, na hakuna hata mmoja unaorudiwa.

JIWE NA UZI

Maabara inaonyesha wazi tofauti kati ya hukumu na mrejesho. Mfano huu mwalimu yeyote anaweza kuujaribu, awe Bashay au Mlimani. Mwanafunzi amepewa jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi wenye urefu wa mita 1. Atalibembeza, atapima muda wa mabembeo 20 kamili, kisha atakokotoa mchapuko unaotokana na uvutano wa dunia. Anapata sekunde 38.2. Akigawa kwa 20, bembeo moja ni sekunde 1.91. Anaingiza tarakimu katika kanuni na kupata mita 10.8 kwa sekunde ya mraba, ilhali jibu linalotarajiwa ni karibu 9.8.

Mwalimu wa kwanza anaandika: “4 kati ya 10. Si sahihi.” Mwanafunzi tayari alijua kwamba si sahihi, jibu limo kitabuni. Mwalimu wa pili anaandika: “Kuwa makini zaidi unapopima.” Mwanafunzi alikuwa makini. Wiki ijayo atakodoa macho zaidi na kupata 10.8 ile ile. Mwalimu wa tatu anaandika swali: “Ulipoliachia jiwe ulitamka namba gani?”

Mwanafunzi analishika jiwe tena, analiachia, na kujisikia akisema “moja.” Hapo siri inafichuka. Alipofika “ishirini” jiwe lilikuwa limekamilisha mabembeo 19 tu. Sekunde 38.2 zikigawanywa kwa 19 zinatoa 2.01, na mchapuko unakuwa 9.8. Kuanzia siku hiyo ataanza kuhesabu kwa sifuri, naye atamwonya mwenzake.

Swali la mwalimu wa tatu lilikuwa na maneno matano. Halikuwa refu sana kuliko ya wenzake, wala halikuhitaji muda mwingi wa kuandika, ingawa lilihitaji mwalimu anayejua mahali ambapo wanafunzi hujikwaa. Lakini lisingefaa kitu kama jiwe na uzi vingekuwa vimekwisha kufungiwa kabatini. Lilifanya kazi kwa sababu palikuwa na nafasi ya kujaribu tena.

SOMO LA SIKU YA PILI

Katika vyuo hivyo hivyo, wanafunzi hao hao, kuna kipindi ambacho mrejesho hautupwi. Ni wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wa ualimu wanapopelekwa mashuleni kwa wiki kadhaa. Mhadhiri huketi nyuma ya darasa, akaangalia kipindi, na baada ya kengele huketi na mwanafunzi wake chini ya mti au katika ofisi ya walimu. Humwambia kwamba alizungumza na ubao badala ya wanafunzi, kwamba swali lake la pili alilijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua kinywa. Maneno hayo yanaweza kuwa makali kuliko wino wowote. Hata hivyo yanasikilizwa na kuandikwa, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi mwanafunzi huyo atasimama mbele ya darasa lile lile. Mrejesho umefika wakati anauhitaji, umesemwa kwa mdomo kwa lugha wanayoelewana, na kazi ya kuutumia inamngoja.

Basi uvivu si maelezo yanayotosha. Mtu yule yule aliyeikunja insha bila kuisoma anayanakili maneno ya msimamizi wake hadi nukta ya mwisho.

Baadhi ya wahadhiri, katika nchi mbalimbali, wamejaribu kuupeleka utaratibu huo katika kazi za maandishi. Insha moja hukabidhiwa mara mbili: rasimu hupata maelezo bila alama, na toleo la pili hupata alama. Au mwanafunzi hutakiwa kuanza kila insha kwa sentensi mbili zinazosema aliambiwa nini katika insha iliyopita na safari hii amebadili nini. David Carless na David Boud, katika makala yao ya mwaka 2018, walisisitiza kwamba kupokea mrejesho ni ujuzi unaofundishwa, na kwamba mwanafunzi anaweza kuukuza akipewa kazi za wenzake azitolee maelezo yeye mwenyewe. Anayeitafuta hoja iliyopotea katika ukurasa wa mwenzake huanza kuiona inavyopotea katika wake.

Mwalimu wa sekondari mwenye mikondo miwili ya wanafunzi sitini sitini hawezi kusahihisha insha 120 mara mbili. Anaweza, hata hivyo, kuchagua aya moja tu katika kila insha, kuitia maelezo, kuibakiza alama katika daftari lake, na kutoa dakika ishirini darasani ili kila mmoja aiandike upya aya hiyo papo hapo, akimwuliza jirani yake kwa Kiswahili maana ya asichokielewa. Akipita kati ya madawati ataona nani ameelewa. Alama wataipata kesho yake.

Dakika ishirini hizo hazina haja ya kutafutwa mbali. Katika madarasa mengi siku ya kurudisha karatasi tayari ina kipindi chake: mwalimu husimama mbele, huita majina kuanzia la juu hadi la mwisho, husoma alama za kila mmoja kwa sauti, na darasa hucheka.